Kubuni Chumba cha Kuonjea Mvinyo Kinachopatana na Shamba la Mizabibu: Mwongozo Kamili

Mvinyo unaweza kuonjwa popote, lakini ni mahali pamoja tu ambapo mwonjaji anaweza kuinua macho kutoka kwenye glasi na kuuona mteremko uliozaa zabibu zake. Hiyo ndiyo sababu ya kujenga chumba cha kuonjea katikati ya shamba badala ya mjini, na kila uamuzi wa usanifu, kuanzia msingi hadi rangi ya meza, unapaswa kupimwa kwa swali moja: je, unamsaidia mgeni kuunganisha anachokionja na anachokiona, au unamzuia?

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, kwa maana hakosi kuonekana. Jengo jipya shambani ni mgeni wa namna hiyo. Mizabibu ilitangulia, kilima kilitangulia zaidi, na jengo ndilo linalopaswa kujifunza desturi za mahali lilipokaribishwa. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mtiririko wa kazi yenyewe, na zinamhusu mwenye shamba sawasawa na msanifu wake, kwa sababu mambo mengi yanayoharibika katika vyumba vya aina hii huharibika kabla mstari wa kwanza haujachorwa.

Hatua ya 1: Lisome shamba kwa mwaka mzima

Mpimaji ardhi akuandalie ramani yenye kontua za kila nusu mita, inayoonyesha safu za mizabibu, miti mikubwa, kuta za mawe, mifereji na njia za trekta. Ramani hiyo ni mwanzo tu. Yaliyobaki hupatikana kwa miguu, kwa kulipita shamba alfajiri, adhuhuri na jioni katika kila msimu ukiwa na daftari mkononi. Andika jua linachomoza nyuma ya kilima kipi, upepo wa mchana unatoka upande gani, maji ya mvua kubwa yanapita wapi, na ni mahali gani ukisimama unaliona shamba zima bila wewe kuonekana kwa urahisi.

Jambo moja ambalo hupuuzwa mno ni mwendo wa hewa baridi. Usiku usio na mawingu, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, huwa nzito, kisha huteremka polepole ikifuata mabonde kama maji yanavyofuata. Katika maeneo yenye jalidi wakati wa kuchipua, hewa hiyo isipopata pa kutokea hutuama na kuunguza machipukizi machanga. Jengo refu lililokingama mteremko hufanya kazi ya bwawa: baridi hurundikana upande wake wa juu, na mizabibu ambayo haikuwahi kudhurika huanza kupoteza machipukizi yake. Ili kuujua mwendo huo, washa kijinga chenye moshi mwingi kabla ya mapambazuko, katika usiku uliotulia, uone moshi unalalia wapi na unaelekea wapi. Jengo lisisimame katika njia hiyo. Ikibidi lisimame hapo, liwe na mapengo ya kupitisha hewa, au lizame ardhini kiasi kwamba hewa inapita juu ya paa lake.

Jifunze pia kalenda ya shamba. Mizabibu hupuliziwa dawa mara nyingi kwa msimu, hasa zenye salfa na shaba, na upepo hubeba matone hayo mbali na safu. Baraza la wageni lililo upande unakoelekea upepo, hatua chache kutoka safu ya mwisho, litalazimika kufungwa kila siku ya kupuliza dawa. Halikadhalika, trekta linahitaji nafasi ya kugeuzia mwishoni mwa safu, mara nyingi mita 6 hadi 10, na nafasi hiyo haipaswi kuliwa na bustani ya maua, hata ikionekana tupu kwenye mchoro.

Mwisho, ulizia sheria mapema. Yako mashamba ya mizabibu ambayo mandhari yake yote yamelindwa. Saint-Émilion ya Ufaransa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999, Alto Douro ya Ureno mwaka 2001, na matuta ya Lavaux ya Uswisi mwaka 2007. Katika maeneo yenye ulinzi wa namna hiyo, kimo cha jengo, rangi ya paa na hata aina ya mawe vinaweza kuwa vimeshaamuliwa na wengine kabla yako.

Hatua ya 2: Chagua mahali kwa miti na vitambaa

Michoro ya kompyuta hudanganya kwa sababu huonyesha jengo kutoka pale mchoraji anapopenda kusimama. Njia iliyo nyofu zaidi ni hii: chomeka miti mirefu kwenye pembe nne za jengo unalolikusudia, ifike kimo halisi cha paa, na ufunge kamba yenye vitambaa vyeupe kutoka mti hadi mti. Kisha toka shambani. Tazama kutoka barabara kuu, kutoka kwa majirani, kutoka kilima cha ng'ambo. Vitambaa vikikata ukingo wa kilima na kupepea dhidi ya anga, mahali hapo pameshindwa, kwani jengo linaloketi kileleni huvunja mstari ambao macho yote ya bonde hutulia juu yake. Shuka kidogo, uweke kilima nyuma ya jengo, na utaona vitambaa vinamezwa na kijani. Iache miti hiyo walau wiki mbili ili uione katika jua kali na katika ukungu.

Ushauri wangu wa dhati ni kwamba ardhi iliyo bora kwa zabibu usiijengee. Kila shamba lina kona iliyo na udongo mzito mno, yenye mawe tupu, au iliyokwisha kuharibiwa na banda la zamani, na kona hiyo ndiyo stahiki ya jengo. Mgeni akielezwa kwamba ameketi mahali ambapo mzabibu haukukubali kuota, ameshafundishwa jambo la kweli kuhusu udongo kabla hajaonja chochote.

Hatua ya 3: Hesabu watu na glasi, si mita za mraba peke yake

Chumba huanzia kwenye kundi la wageni. Chupa ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya mililita 50 kila kimoja, kwa hiyo kundi la watu 12 linahudumiwa vyema na chupa moja ya kila aina, na akiba ya vionjo vitatu inabaki. Wakionja aina tano kwa glasi tofauti, glasi 60 zitachafuka kwa muda usiofika saa moja na nusu, na kundi linalofuata linasubiri mlangoni. Hapo ndipo inapoonekana kwamba chumba cha nyuma, chenye mashine ya kuoshea, rafu za kukaushia, majokofu na sinki, si kitu cha kubanwa pembeni. Kwa wageni walioketi, tenga takriban mita 2 za mraba kwa kila mmoja, halafu ongeza walau nusu ya eneo hilo kwa huduma. Chumba kikubwa kupita mahitaji ni kosa la mara kwa mara; watu kumi katika ukumbi wa watu themanini hujihisi wamekosea siku.

Hatua ya 4: Umbo, paa na vifaa vya ujenzi

Safu za mizabibu ni usanifu uliokwisha kuwepo. Zina mwelekeo, zina nafasi zinazolingana, na zina kimo chao. Jengo linalopangwa sambamba na safu, nguzo zake zikifuata nafasi ileile ya mita 2 au 2.5 iliyo kati ya safu na safu, huonekana kana kwamba limeota humo, hata kama limejengwa kwa zege na chuma. Likipindishwa kwa nyuzi 10 bila sababu, jicho la mgeni husumbuka ingawa mwenyewe hawezi kusema ni nini kinachomsumbua.

Mifano miwili inastahili kuchunguzwa kwa sababu imefikia shabaha moja kwa njia zinazopingana. Kiwanda cha Dominus katika bonde la Napa, Marekani, kilichobuniwa na Herzog & de Meuron mwishoni mwa miaka ya 1990, ni sanduku refu la takriban mita 100 lililonyooka kati ya mizabibu. Kuta zake ni vizimba vya waya vilivyojazwa mawe ya basalti ya eneo hilo. Mahali ambapo mawe yamepangwa kwa kulegea, mwanga na hewa hupenya. Mahali yalipobanwa, kuta huzuia joto la mchana lisiyafikie mapipa. Kwa mbali, jengo hilo ni mstari mweusi tu chini ya vilima. Kwa upande mwingine, Antinori nel Chianti Classico huko Bargino, Italia, iliyobuniwa na Archea Associati na kufunguliwa mwaka 2012, imezikwa ndani ya kilima. Juu ya paa lake imepandwa mizabibu, na kinachoonekana kutoka barabarani ni mikato miwili mirefu iliyolala, kama mistari ya jembe. Mmoja umesimama kwa heshima, mwingine umejificha kwa heshima. Zote mbili ni adabu njema, ila ya pili ni ghali zaidi kwa kuchimba na hudai kazi ya uhakika ya kuzuia maji.

Kwa jengo la kawaida, anza na vilivyo chini ya miguu. Mawe yaliyotolewa shambani wakati wa kupanda yanafaa kwa kuta na sakafu. Udongo wenye kiasi sahihi cha mfinyanzi na mchanga unaweza kushindiliwa kuwa ukuta mnene wa sentimita 40 au zaidi, unaopokea joto mchana na kulitoa usiku. Kabla ya kuchagua rangi, chukua bonge la udongo, jani bichi, jani lililokauka na kipande cha gome la mzabibu, uviweke juu ya meza pamoja na sampuli za fundi. Rangi zisizokubaliana na vitu hivyo vinne ziondolewe. Nyeupe inayong'aa na paa la mabati yanayometa huonekana kilomita nyingi. Rangi za kijivu, za udongo na za mbao zilizochakaa kwa jua hutulia.

Hatua ya 5: Madirisha, jua na mtazamo

Shauku ya kuweka kioo ukuta mzima inaeleweka, lakini mandhari inayoonekana yote kwa mara moja huchosha upesi. Dirisha pana lililo chini, linaloanzia sentimita 70 kutoka sakafuni, humfanya aliyeketi aone safu za mizabibu badala ya anga, na hilo ndilo linalohitajika. Keti kwenye kiti cha kimo halisi, mahali meza itakapokuwa, ndipo uamue kizingiti kiwe wapi.

Jua lihesabiwe, lisikisiwe. Katika latitudo ya 45, jua la adhuhuri hufikia takriban nyuzi 68 juu ya upeo katika siku ndefu kuliko zote, na nyuzi 21 na nusu katika siku fupi kuliko zote. Dirisha lenye kimo cha mita 2.4 linaloelekea ikweta huhitaji ukingo wa paa uliotokeza takriban mita 1 ili likingwe kabisa adhuhuri ya kiangazi. Ukingo huohuo wakati wa baridi hufunika kama sentimita 40 tu za juu, na jua la kupasha joto huingia. Upande wa magharibi ukingo hausaidii, kwani jua la alasiri huja likiwa limelala. Hapo tumia vipande vya mbao vilivyosimama, miti inayopukutisha majani, au ukuta wenye matundu. Kiwanda cha Gantenbein huko Fläsch, Uswisi, kilichokamilika mwaka 2006, kinaonyesha njia hiyo ya mwisho kwa uzuri: matofali yake yapatayo 20,000 yalipangwa na roboti kwa pembe zinazobadilikabadilika, mwanga ukapenya kwa upole, na ukuta ukitazamwa kwa mbali unafanana na zabibu zilizorundikana.

Mwanga wa jua una ubaya mwingine usiohusu macho. Mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 370 na 450 huamsha riboflavini iliyomo ndani ya mvinyo, na kutokana nayo huzaliwa misombo ya salfa inayonuka kama kabichi iliyochemshwa. Mvinyo mweupe katika chupa isiyo na rangi unaweza kuharibika ndani ya saa chache juani. Rafu za maonyesho, basi, ziwe ukutani kusikofikiwa na jua.

Hatua ya 6: Linda hewa ya chumba

Naisisitiza hatua hii kuliko zote, kwa kuwa chumba kizuri chenye hewa mbaya kimekosa kazi yake. Kuonja ni kunusa kwanza. Mbao zenye harufu kali kama mwerezi, vanishi mpya, gundi ya zulia, mishumaa yenye manukato, maua ya waridi mezani, jiko lililo karibu: kila kimoja hukaa kati ya pua na glasi.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, hanuswi kirahisi mwanzoni. Mbao zilizotiwa dawa zenye klorofenoli, au zenye tribromofenoli inayotumiwa kuzuia moto na kuoza, zikipata unyevu na ukungu huzalisha misombo iitwayo anisoli. Misombo hiyo huruka hewani, huingia kwenye mapipa, vizibo na vichujio, na kuupa mvinyo harufu ya boksi lililolowa. Nanogramu chache tu katika lita moja zinatosha kuharibu. Jengo zima limewahi kuwa chanzo cha uharibifu huo katika viwanda kadhaa, na tiba ikawa ni kubomoa dari na mihimili. Kwa hiyo mkataba wa ujenzi useme bayana kwamba mbao zote, pamoja na palati za kubebea vifaa na mbao za kumiminia zege, zisiwe na dawa hizo, na kwamba usafi usifanywe kwa dawa zenye klorini. Fundi akikuuliza kwa nini unasumbuka na palati itakayokaa siku tatu, mwonyeshe chupa iliyoharibika na umnusishe.

Kuna pia suala la usalama. Lita moja ya maji ya zabibu inapochachuka hutoa zaidi ya lita 40 za kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hujikusanya sehemu za chini. Wageni hupenda sana dirisha au ngazi inayoelekea kwenye matangi, na ni vyema waone kazi ikifanyika, lakini chumba cha kuonjea kilicho chini ya sakafu ya matangi, kilichounganishwa nayo kwa ngazi ya wazi, ni mtego. Tenganisha sehemu hizo kwa kioo kisichopitisha hewa, weka feni za kuvuta hewa chini karibu na sakafu, na ufunge vipima gesi vinavyolia kabla ya kiwango kufika asilimia 0.5, ambacho ndicho kikomo kinachotumika sana kwa kazi ya saa nane.

Hatua ya 7: Sauti na taa

Kuta za mawe, sakafu ya zege na vioo hupendeza kwenye picha, kisha hugeuza mazungumzo ya watu 20 kuwa kelele ya stesheni. Chukua chumba cha mita 10 kwa 8, chenye kimo cha mita 4. Kikiwa na nyuso ngumu tupu, mwangwi wake hudumu zaidi ya sekunde 4. Funika dari kwa mita 70 za mraba za pamba ya mbao au kitambaa kinene kinachonyonya sauti vizuri, na mwangwi hushuka hadi karibu sekunde 0.8, kiwango ambacho mtu husikia maelezo ya mwenyeji bila kuinamia meza.

Taa ziwe na uwezo wa kuonyesha rangi halisi, kipimo chake (kiitwacho CRI, ambacho kilele chake ni 100) kikiwa 90 au zaidi, na kuta zilizo karibu na meza ziwe nyeupe iliyopoa au kijivu hafifu. Mwangalie mwonjaji mzoefu: huiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe ili asome ukingo wa mvinyo, pale wekundu unapogeuka kuwa rangi ya tofali. Juu ya meza ya mbao nyekundu chini ya taa ya manjano, ukingo huo haupo. Taa za nje zielekee chini, ziwe hafifu, na zizimwe wageni wanapoondoka.

Hatua ya 8: Kaunta, meza na kutema

Kaunta ya kusimama iwe na kimo cha sentimita 105 hadi 110, lakini sehemu yake moja ishuke hadi sentimita 85 hivi kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye pia anahitaji duara la sentimita 150 la kugeukia na njia isiyo na mwinuko unaozidi 1 kwa 12. Kaunta isimtenge mgeni na mandhari: mhudumu akisimama mgongo wake ukielekea dirishani, mgeni atamwona yeye na shamba kwa pamoja. Vyombo vya kutemea viwe vingi, vizuri na karibu, kwa sababu mgeni akilazimika kukitafuta ataona haya na kumeza, naye ndiye atakayeendesha gari.

Hatua ya 9: Njia ya kuingilia

Maegesho yawekwe mbali, nyuma ya miti, na mgeni atembee dakika tatu au nne kati ya safu kabla ya kuuona mlango. Njia iwe ya changarawe inayopitisha maji. Udongo wa kigeni unaoganda kwenye viatu unaweza kuleta wadudu wa mizizi, filoksera akiwa ndiye wa kuogopwa kuliko wote, kwa hiyo weka brashi na beseni la dawa ya viatu mwanzoni mwa njia, pamoja na kibao kifupi kinachoeleza sababu. Watu hukubali kwa moyo wakielezwa.

Hatua ya 10: Jenga bila kulijeruhi shamba, kisha ujaribu

Udongo wa juu ukwanguliwe kando na kurundikwa katika marundo yasiyozidi mita 2 kwa kimo, ili viumbe vyake visife kwa kukosa hewa, na urudishwe kazi ikiisha. Malori yapewe njia moja tu, kwani udongo ulioshindiliwa na magurudumu hukaa miaka mingi bila kupitisha maji wala mizizi. Paa la mita 300 za mraba hukusanya lita 6,000 katika mvua ya milimita 20. Maji hayo yaelekezwe kwenye tangi au bwawa, wala yasimwagike kwenye safu karibu na mavuno, zabibu zikavimba na kupasuka.

Rangi na vanishi zikikauka, acha chumba kipitiwe na hewa kwa wiki kadhaa. Kisha, usiku mmoja, funga madirisha, zima feni, na uache glasi sita za maji safi katika pembe tofauti: karibu na dari, kando ya rafu, chini ya kaunta. Asubuhi ziletwe nje na watu watatu wazinuse pamoja na glasi ya saba ambayo haikuingia ndani. Ikiwa hata mmoja wao anaweza kuzitofautisha, tafuta chanzo kwenye pembe ile iliyoinuka harufu, ukitoe, na urudie jaribio kabla ya kupeleka mwaliko wa kwanza.